Kliniki, darasa au afya ya jamii: wapi pa kuanzia

Swali: Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza, huu ni mwaka wangu wa nane katika wodi ya magonjwa ya ndani. Nataka kurudi shule lakini nimegawanyika. Kuna ubobezi wa kliniki, ule unaompa muuguzi ruhusa ya kumchunguza mgonjwa na kumwandikia dawa mwenyewe. Kuna shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Na kuna ualimu wa uuguzi, ambao naupenda tangu nilipoanza kupewa wanafunzi wodini. Nyumbani wananiambia, kama unataka kutibu, kasome udaktari. Je, mtu anaweza kuzifanya kazi hizi zote bila kuharibu mojawapo? Aanzie wapi? Na kwa miaka 36, sijachelewa?

Jibu: Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate. Kasome ubobezi wa kliniki kwanza. Ualimu na afya ya jamii utavifikia, na utavifikia ukiwa na kitu cha kufundisha na kitu cha kuhesabu. Nimefanya kazi kote kutatu, na ninachokiona mara kwa mara ni hiki: muuguzi aliyekwisha kubeba dhamana ya mgonjwa kwa sahihi yake mwenyewe hupokewa darasani na kwenye mipango ya jamii bila taabu kubwa. Aliyetoka wodini akaingia ofisini moja kwa moja na kukaa huko miaka kumi, kumrudia mgonjwa humwia vigumu mno. Mikono husahau, dawa hubadilika, na woga huingia. Mlango wa kliniki hujifunga haraka kuliko ile miwili mingine. Yako mazingira ambayo ningekushauri vinginevyo, nitayafikia.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Muuguzi mbobezi wa kliniki ni muuguzi aliyesajiliwa, mwenye uzoefu wa kazi, ambaye amesoma zaidi na kupewa kisheria mamlaka ya kuchukua historia, kumpima mgonjwa, kuagiza vipimo na kuvisoma, kutaja ugonjwa, kuandika dawa na kutoa rufaa. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lenye makao yake Geneva, lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kwamba kiwango cha chini cha elimu kwa kazi hii kinapaswa kuwa uzamili. Sheria za nchi hata hivyo hazilingani. Hata Marekani, ambako cheo hiki kilianzia, majimbo mengine humruhusu kuendesha kliniki yake mwenyewe na mengine humtaka awe na mkataba wa maandishi na daktari. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote, nenda kwenye baraza linalokupa leseni ukaulize mambo mawili: je, mamlaka ya kuandika dawa yanatambuliwa kwa muuguzi mwenye shahada hii, na je, cheo chenyewe kimo katika muundo wa utumishi? Nasisitiza hilo la pili kwa sababu limewaumiza wengi. Mtu anasoma miaka miwili au zaidi, anarudi na cheti kizuri, anapangiwa wodi ileile, zamu ileile na majukumu yaleyale, kwa kuwa hakuna nafasi ya kazi iliyoandikwa kwa jina lake. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya kwenu, anza na shahada ya afya ya jamii au ualimu, kisha tafuta kozi fupi za kliniki zinazotambulika. Hayo ndiyo mazingira ya kwanza niliyosema ningekushauri vinginevyo. Ya pili ni kama kwa dhati unachokipenda ni takwimu na mipango, na kukaa na mgonjwa mmoja nusu saa kunakuchosha. Katika barua yako sioni dalili ya hilo.

Unauliza kama mtu anaweza kuziunganisha. Cheo hiki chenyewe kilizaliwa na mtu aliyekuwa ameziunganisha. Loretta Ford alikuwa muuguzi wa afya ya jamii katika maeneo ya mashambani ya Colorado, mahali ambapo daktari alikuwa mbali na watoto wengi hawakuwa na mtu wa kuwaangalia. Aliwaona wauguzi wakifanya maamuzi makubwa kila siku bila elimu ya kutosha na bila sheria ya kuwalinda. Alikuwa pia mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 1965, akishirikiana na daktari wa watoto Henry Silver, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado programu ya kwanza ya kuwafundisha wauguzi kuchunguza na kuhudumia watoto kwa upana huo. Haja ilitoka katika jamii, elimu ikatolewa chuoni, kazi ikafanyika kliniki. Upinzani aliokutana nao haukutoka kwa madaktari peke yao. Walimu wenzake wa uuguzi nao walimshutumu kwamba anawatoa wauguzi kwenye uuguzi na kuwapeleka kwenye udaktari. Mwaka 1972 alikwenda kuwa mkuu wa shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Rochester, na huko akasimamia mfumo ambamo mwalimu wa uuguzi anaendelea kuwa na wagonjwa hospitalini badala ya kuishi darasani tu. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 104, na shutuma zile bado zinasikika. Ndizo unazozisikia nyumbani kwenu.

Basi tuzungumzie hilo la udaktari, maana wanaolisema wanakutakia mema na wanastahili jibu la heshima. Udaktari na ubobezi wa uuguzi hukutana katika eneo pana: mgonjwa wa presha, wa kisukari, wa pumu, mjamzito asiye na matatizo, mtoto mwenye homa, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI aliye imara kwenye dawa. Katika eneo hilo swali la kama muuguzi anaweza limechunguzwa kwa miaka hamsini. Mwaka 1974 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Burlington, Ontario, ambamo familia ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikahudumiwa na daktari wa familia na nyingine na muuguzi aliyepewa mafunzo ya ziada. Hali za afya zilitoka sawa. Mwaka 2000 jaribio la New York lililohusu wagonjwa 1,316 lilionyesha vivyo hivyo baada ya miezi sita. Mwaka 2010 Afrika Kusini ikatoa jaribio lililowalinganisha wagonjwa wa dawa za kufubaza virusi, zaidi ya 800, wanaofuatiliwa na muuguzi na wanaofuatiliwa na daktari. Usimamizi wa muuguzi haukuwa duni. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 18 ya huduma za afya ya msingi yakafikia hitimisho kwamba matokeo kwa mgonjwa huwa sawa au bora kidogo, wagonjwa huridhika zaidi, na muuguzi hutumia muda mrefu zaidi kwa kila mgonjwa.

Usiyachukue matokeo hayo na kuyapeleka yasikokwenda. Yanahusu afya ya msingi, yaani wagonjwa wa aina niliyoitaja, na majaribio mengine yalikuwa mafupi. Hayasemi lolote kuhusu kufungua tumbo la mgonjwa au kupanga tiba ya saratani ya damu. Ukijikuta unatamani chumba cha upasuaji, au unataka kuujua ugonjwa adimu hadi kwenye chembe zake, kasome udaktari, na umri wako haukuzuii. Lakini ukijikuta unataka kujua kwa nini mgonjwa wa kitanda cha tisa amerudi kwa mara ya tatu na presha ileile, basi unachokitafuta kiko katika uuguzi. Na ule muda mrefu wa ziada uliopimwa na Cochrane, wasimamizi wengi huuona kuwa hasara. Mimi naona humo ndimo kazi yetu ilimo, na nitakuonyesha kwa mfano mmoja.

Mchukue mama mwenye presha. Amekuja kliniki, kipimo kinasoma 172 kwa 104. Faili lake limejaa maneno mawili yanayojirudia kwa miandiko tofauti: "hamezi dawa." Dozi yake ni haidroklorothiazidi, kidonge cha kutoa maji mwilini, kila asubuhi. Kila aliyemwona amemkumbusha umuhimu wa dawa, na mmoja wao ameongeza dozi. Muuguzi mbobezi aliyefundishwa vizuri anaanza kwa kurudia kipimo chenyewe: mgonjwa aketi dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu bila kukunjana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda wa kipimo unatosha unene wa mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkono unaoning'inia hupandisha namba. Mazungumzo nayo hupandisha. Tuseme sasa kinasoma 164 kwa 100. Presha ipo kweli.

Kisha anauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua: "Mama, siku yako inaanza saa ngapi, na unafanya nini hadi jioni?" Ndipo inajulikana kwamba anatoka nyumbani alfajiri, anasafiri zaidi ya saa moja, na mahali anapofanyia kazi hakuna choo anachoweza kukitumia kabla ya mchana. Kidonge kile huanza kusukuma mkojo baada ya saa mbili hivi. Alikijaribu, akaaibika njiani, akaacha. Siku za mapumziko anakimeza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, naye hakuona kama ni jambo la kumweleza mtu mwenye haraka.

Hapo dawa ina njia kadhaa. Inaweza kuhamishiwa saa anayokuwa nyumbani, mapema kiasi kwamba haitamkatiza usingizi. Inaweza kubadilishwa ikawa amlodipini, dawa nyingine ya presha ambayo haisukumi mkojo, ukimtahadharisha kwamba miguu inaweza kuvimba kidogo. Figo zake ziangaliwe, chumvi ya chakula izungumzwe, na arudi baada ya wiki chache badala ya miezi mitatu. Kabla hajaondoka anaombwa aeleze kwa maneno yake atakavyomeza, ili muuguzi ajue kama yeye mwenyewe ameeleza vizuri. Hii ndiyo kliniki. Uamuzi wote huo una jina na namba ya leseni ya muuguzi chini yake, na ukikosea ni wako.

Sasa mwangalie mwanafunzi aliyekaa pembeni akitazama. Mwalimu asiye na wagonjwa atamfundisha kwa slaidi makundi ya dawa za presha na madhara yake, na mwanafunzi atafaulu mtihani. Mwalimu aliye na kliniki hufanya jambo jingine. Mama akishatoka chumbani humuuliza mwanafunzi: unadhani kwa nini presha haishuki? Hangoji jibu refu, anataka mwanafunzi achague upande. Akisema "hamezi dawa", swali linalofuata ni: umejuaje? Hapo mwanafunzi anagundua kwamba amelinakili kutoka kwenye faili. Kisha mwalimu anampa kanuni moja tu ya kuondoka nayo, anamwambia alichofanya vizuri kwa kukitaja hasa, anamsahihisha kilichokosewa, na mgonjwa anayefuata anaingia. Dakika tano zimetosha. Nimeona wanafunzi waliopitia kliniki ya namna hii kwa wiki chache wakirudi wodini wakiuliza maswali ambayo msimamizi wao alikuwa hajayasikia.

Usifikiri lakini kwamba ukiwa mtabibu hodari utakuwa mwalimu hodari moja kwa moja. Patricia Benner, mwalimu na mtafiti wa uuguzi wa Marekani, mwaka 1984 alieleza hatua tano anazopita muuguzi kutoka anayeanza hadi bingwa, na moja ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba bingwa huiona hali nzima kwa mara moja, bila kufuata kanuni moja baada ya nyingine kichwani. Ndiyo maana bingwa wengi hufundisha vibaya: wamekwisha kusahau ngazi walizopandia. Wanasema "utaona tu mgonjwa huyu hayuko sawa" na mwanafunzi haoni kitu. Ualimu unataka ujifunze upya kulieleza jambo unalolifanya bila kufikiri, na hilo linasomewa. Ukishakaa kwenye ubobezi wako miaka miwili au mitatu, tafuta cheti cha ualimu wa kliniki au moduli za ufundishaji. Si lazima iwe shahada nyingine kamili. Utakutana pia na jambo linalohusiana na ubobezi wako wenyewe, nakuonya mapema: mwaka wa kwanza ukiwa unaandika dawa, utajihisi umerudi kuwa mgeni. Wewe uliyekuwa unaulizwa na wodi nzima utakuwa unamwuliza msimamizi wako mambo madogo. Wengi hukata tamaa hapo na kuomba kuhamia darasani kama kimbilio. Vumilia. Ni hatua za Benner zinaanza upya katika kazi mpya, na hupita.

Uhaba wa wauguzi unaifanya kazi ya kufundisha kuwa na uzito mkubwa zaidi. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani zilizotolewa mwaka 2025, dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na upungufu wa milioni 5.8. Upungufu huo hauzibwi kwa kujenga madarasa kama hakuna wa kusimama wodini na wanafunzi.

Turudi kwa yule mama, maana hajaisha. Muuguzi mwenye jicho la afya ya jamii haridhiki na kumsaidia yeye peke yake. Anafungua rejista ya kliniki na kuwatafuta wote walioandikiwa "hamezi dawa". Anatazama wanatoka wapi, wanafanya kazi gani, wanamezeshwa nini, na wanakuja siku gani. Pengine ataona kwamba wengi wao ni watu wa kazi za alfajiri, kwamba kliniki hufunguliwa saa wasizoweza kuja, na kwamba hupewa vidonge vya mwezi mmoja tu hali safari ya kuvifuata inawagharimu siku nzima ya kazi. Hapo tiba haiko tena kwenye kidonge. Iko kwenye kubadilisha siku ya kliniki, kutoa dawa za miezi mitatu kwa wagonjwa walio imara, kuufanya mpangilio wa dawa ya kuanzia ufikirie choo, na kuongea na waajiri. Mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya namna magonjwa yanavyoenea katika jamii, Geoffrey Rose wa Uingereza aliandika mwaka 1985 kwamba kuuliza kwa nini mtu huyu ameugua ni swali moja, na kuuliza kwa nini watu hawa wote wana ugonjwa mwingi ni swali jingine, na majibu yake huweza kuwa tofauti kabisa. Muuguzi wa kliniki yuko mahali pazuri pa kuuliza yote mawili, kwa sababu wa kwanza anamwona uso kwa uso na wa pili wamo ndani ya rejista mezani kwake.

Mfano wa zamani ninaoupenda kuliko yote ni wa New York. Muuguzi Lillian Wald alikuwa ameanza mwaka 1893 kuwahudumia wahamiaji maskini majumbani mwao. Mwaka 1902 shule za jiji zilikuwa zikiwarudisha nyumbani watoto wengi waliokutwa na trakoma (ugonjwa wa macho unaoambukiza), chawa na magonjwa ya ngozi. Daktari aliwakagua, akawaondoa, na basi. Nyumbani hakuna aliyewatibu, kwa hiyo hawakurudi. Wald akajitolea kumtoa muuguzi wake mmoja, Lina Rogers, kwa majaribio ya mwezi mmoja katika shule nne. Rogers aliwatibu palepale shuleni waliotibika, akawafuata nyumbani wengine na kuwaonyesha wazazi cha kufanya. Watoto wakarudi darasani, na jiji likaajiri wauguzi wa shule. Tazama alichofanya: alisafisha macho na vidonda kwa mikono yake, akafundisha wazazi, na akabadilisha sera ya jiji. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo ambayo ingefanikiwa bila nyingine.

Kwa hiyo, ndiyo, zinaunganika. Lakini namna ya kuziunganisha ndiyo inayowashinda wengi. Nimeona wauguzi wazuri wakichukua ajira ya kliniki, vipindi vya chuo na mradi wa jamii kwa pamoja, kila upande ukidhani unapata mtu mzima. Baada ya mwaka wanakuwa wamechoka mwili na roho, na wa kwanza kuumia ni mgonjwa. Ushauri wangu ni kwamba kwa wakati wowote uwe na kazi moja kuu, ya pili kwa kiasi kidogo, na ya tatu uiache ingoje zamu yake. Miaka mitatu ya mwanzo kliniki iwe kuu, na ualimu uwe wa wanafunzi wanaokuja chumbani kwako tu. Baadaye, ukihamia chuo, siku zako za kliniki ziandikwe kwenye mkataba, kwa siku na kwa saa. Zikiachwa kuwa makubaliano ya mdomo, vikao vitazila. Hili si jambo dogo. Chuo kikikujibu kwamba "tutaangalia mbele ya safari", jua kwamba siku hizo hazipo. Hospitali na vyuo vingine huwa na ajira ya pamoja ambamo kila upande hulipa sehemu ya mshahara, ukiipata, ishike.

Kingine kinachosaidia ni kuchagua jambo moja na kulifuata kote. Anayefuata kila kitu hatafika popote. Mwenzangu mmoja alichagua saratani ya mlango wa kizazi. Anapima wanawake kliniki, anawafundisha wakunga kuitazama shingo ya kizazi na kujua kipi ni cha kawaida na kipi kipewe rufaa, na anasaidia kufuatilia takwimu za eneo lake dhidi ya malengo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Kwake hizo ni sura za ugonjwa mmoja, hivyo akili yake hairuki huku na huko. Wewe uliyekaa miaka minane katika magonjwa ya ndani unaweza kuwa tayari unalo jambo lako bila kulipa jina. Ni kisukari? Ni figo? Ni wale wanaorudi na moyo uliojaa maji? Jiulize ni mgonjwa yupi ukimwona amerudi unakasirika kwa niaba yake.

Kuhusu kuchagua chuo, sitakutajia majina. Uliza mambo haya ana kwa ana, na ikiwezekana waulize pia waliohitimu. Nani atanisimamia kwa vitendo, na yeye mwenyewe anaona wagonjwa? Nitapata saa ngapi za kuhudumia wagonjwa moja kwa moja? Kwa kulinganisha, viwango vya kitaifa vya Marekani vilidai angalau saa 500 kwa muda mrefu, na vile vya mwaka 2022 vikapandisha hadi 750. Programu inayofundisha ubobezi wa kliniki kwa mtandao tupu na kukuachia utafute mwenyewe mahali pa mazoezi inakuuzia karatasi. Farmakolojia (elimu ya dawa), fiziolojia ya magonjwa (jinsi ugonjwa unavyoubadili mwili) na uchunguzi wa mwili vifundishwe kila kimoja kwa uzito wake. Angalia pia kama kuna somo la epidemiolojia na takwimu ndani ya shahada hiyo. Likiwapo, mlango wa afya ya jamii utakuwa umeufungua nusu bila kulipia shahada ya pili.

Na umri? Loretta Ford alikuwa na miaka 44 alipoanzisha programu ile ya Colorado. Wewe una 36, na miaka yako minane ya wodi ndiyo mtaji ambao vyuo vizuri huutafuta, kwa sababu huwezi kumfundisha mtu kwa vitabu jinsi mgonjwa anavyobadilika rangi saa mbili kabla presha haijaanguka. Umeshaiona.

Miezi hii unaposubiri majibu ya chuo, fanya jambo moja wodini. Mchague daktari mmoja unayeelewana naye, umwombe kwamba kila mgonjwa mpya wa zamu yako umwelezee wewe kwanza: historia kwa ufupi, ulichokiona ulipompima, unadhani ni nini, ni kipi kingine kinachoweza kufanana nacho, na ungeanza na kipimo gani. Aseme baada yako. Andika kwenye daftari ulichodhani na kilichokuja kuthibitika, bila jina la mgonjwa. Ukifika mwezi wa tatu, lisome daftari lote kwa mpigo uone unakosea upande gani, kisha nenda nalo siku ya usaili.